Siku Nilipougonga Mlima wa Mjomba

Nimefundisha jiografia kwa miaka kumi na minne katika shule ya sekondari nje kidogo ya mji wa Shinyanga, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo sikuwahi kutazama nje ya dirisha. Mwalimu hutazama darasa na ubao, na ubaoni mimi nilikuwa nachora barafu. Kila mwaka, muhula wa kwanza, nilichukua chaki ya bluu nikachora mto wa barafu ukishuka mlimani huko Ulaya, ukikwangua mabonde na kusukuma mawe mbele yake. Nilichora vizuri. Wanafunzi wangu, ambao barafu pekee wanayoijua ni ile inayofungwa kwenye mifuko ya nailoni na kuuzwa jua likiwa kali, walinakili kwa utiifu.

Mwaka mmoja msichana aliyekaa nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na haya ya hapa nje, nani aliyapanga?"

Nikamwuliza yapi. Akaelekeza kidole dirishani. Nyuma ya uwanja wa mpira kuna mawe ya aina ambayo kila mtu wa Usukuma ameyazoea: makubwa kama nyumba, yamepandana, moja limekalia jingine kwa ncha tu, na ukilitazama kwa muda unajikuta umeinamisha kichwa upande ule ambao unadhani litaangukia.

"Hayo tutayafikia," nikasema.

Hatukuyafikia, kwa sababu hayamo kitabuni. Marehemu bibi yangu alikuwa na maelezo yake. Alisema Mungu alipokuwa anaijenga dunia alishusha mawe yote Usukuma, akakaa kupumzika, halafu akaitwa kwenye shughuli nyingine. Ni maelezo mazuri, ila mtihani wa taifa hauyapi alama.

Swali lile lilinikera mpaka nikaanza kusoma, jambo ambalo walimu hulifanya mara chache kuliko wazazi wanavyodhani. Nikagundua kwamba mawe yale hakuna aliyeyapandisha. Ni mabaki. Zamani yalikuwa mwamba mmoja uliolala chini ya ardhi, uji wa moto uliopoa polepole na kupasuka nyufa kama tope la mbuga linavyopasuka wakati wa kiangazi. Maji yakapenya kwenye nyufa, yakala kona zake, kisha mvua za miaka isiyohesabika zikaosha udongo wote uliokuwa juu. Mchanga uliotoka humo ndio ule udongo mwepesi wa miinukoni tunaolimia karanga. Tope laini likashuka zaidi, likawa mbuga nyeusi bondeni, ile inayokuvua viatu masika bila kukuomba ruhusa. Maana yake nilikuwa nimevuka historia ya dunia kila asubuhi nikienda kazini, nikilalamika njia nzima kuhusu matope.

Likizo ya Juni nikaamua kusafiri nikaione nchi kwa macho yangu, kuanzia Songwa kwenye almasi hadi Geita kwenye dhahabu, na kuwaletea wanafunzi mawe halisi. Mume wangu ni seremala. Nilimwomba nyundo.

"Unakwenda kujenga?" akauliza.

"Nakwenda kuvunja."

Akanipa nyundo yake ya pili. Nikachukua pia daftari, kioo cha kukuzia maandishi, na mfuko wa unga uliokuwa mtupu.

Songwa haikunichukua muda. Nilikuwa nimesoma kwamba almasi za pale zililetwa juu na volkano iliyopasuka kutoka kina kirefu mno, ikalipuka mara moja, ikanyamaza. Sasa mlima wake hauonekani, umebaki mfano wa bomba lililojaa mwamba, na vilima unavyoviona kwa mbali ni vya kifusi kilichotolewa na mashine. Nilisimama kando ya barabara nikijaribu kuuwaza huo mlipuko mahali ambapo leo kuna mbuzi na miiba. Mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi akaniangalia kwa huruma.

"Unasubiri nini, dada?"

"Naitafuta volkano."

Akageuza hindi lake. "Labda imeshapita. Za asubuhi huwa zinawahi."

Nikanunua hindi, nikapanda basi la kuelekea magharibi. Njiani niliona kitu kingine ambacho miaka yote sikukijali: ngitili, yale maeneo ambayo kila ukoo hufunga malisho yake yasiguswe mpaka kiangazi kikali. Wazee wanasema walikua katika nchi tupu, vumbi na ng'ombe tu, na sasa migunga imerudi kwenye maeneo hayo kiasi kwamba kuna fisi wanaojiona wenyeji. Nikaandika daftarini. Abiria wa pembeni akasoma, akaniuliza kama mimi ni wa sensa.

Mjomba wangu anaishi mbele ya Mwakitolyo, karibu na mpaka wa Geita, mahali ambapo ardhi hubadilika ghafla. Udongo unakuwa mwekundu, mawe ya mviringo yanapotea, na vinatokea vilima virefu vyembamba vyenye migongo ya mawe makali, kama punda aliyekosa chakula. Kimoja cha vilima hivyo kiko nyuma ya nyumba yake, na nusu yake imo ndani ya shamba lake. Nilifika kwa bodaboda, nimejaa vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu." Akaangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine. "Kuna msiba?"

"Hakuna. Nimekuja kuutazama mlima wako."

Mjomba akanivuta kando. "Umefanya nini?"

Mkewe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye sijawahi kumwona akikimbia, alinipokea mfuko, akachungulia ndani, akaona hauna kitu isipokuwa nyundo. Hakuuliza. Akanipikia matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na maziwa.

Asubuhi yake nilipanda kilima peke yangu. Hapo ndipo nilipopata furaha ambayo sikuwahi kuipata ubaoni. Jiwe la kwanza nililoligonga lilipasuka sawasawa, na ndani yake kulikuwa na mistari: mwekundu, wa kijivu, mwekundu, wa kijivu, myembamba kama mistari ya daftari. Nilikuwa nimeisoma, lakini kuishika mkononi ni jambo jingine. Nililimwagia maji, nikaliangalia kwa kioo, nikaliinua juani. Huenda niliongea peke yangu. Nikagonga jingine, na jingine, yote nikayatia mfukoni na kuandika.

Nilipogeuka, mwanamume mmoja aliyekuwa anasukuma baiskeli yenye magunia ya mkaa alikuwa amesimama njiani chini. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani.

"Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma, kwa heshima.

"Mwangaluka."

"Umepata?"

"Nimepata," nikasema. Nilikuwa bado nimejaa furaha.

"Zuri?"

"Zuri sana. Hili ni bilioni mbili na zaidi."

Nilimaanisha miaka. Hilo ni jambo ambalo nimelieleza mara nyingi tangu siku hiyo, kwa watu mbalimbali, na wengine walikuwa wameshika sururu.

"Hilo moja?" akauliza taratibu.

"Yote haya. Mlima mzima."

Akavua kofia. Akautazama mlima kutoka mwanzo hadi mwisho, akanishukuru, akageuza baiskeli na mkaa wake, akarudi alikotoka. Nakumbuka nilifikiri kwamba watu wa huku ni wastaarabu na wanapenda elimu.

Baada ya hapo, kwa kuwa nilikuwa nimekunywa maziwa mengi, nilishuka hadi kwenye kichaka kimoja mahali ambapo kilima kinaishia na mbuga inaanza. Nilikwenda kwa haja ambayo haihusiani na jiolojia. Nilikaa huko muda wa kawaida, pengine zaidi kidogo kwa sababu ya miiba, nikarudi nyumbani kula.

Saa nane mchana vijana wawili wakafika wakiwa na mtaimbo. Saa tisa wakawa kumi na wawili. Jua lilipoelekea kuzama, pikipiki zilikuwa zinashusha watu watatu watatu, na kila mmoja alimpa mjomba shikamoo akielekea kwenye mlima wake. Mjomba aliitikia marahaba zote, kwa sababu hawezi kuacha salamu bila jibu, na kati ya marahaba moja na nyingine alikuwa akiniuliza mimi.

"Mpwa wangu, ulimwambia nini huyo mtu?"

"Nilimwambia umri wa jiwe."

"Umri wa jiwe unamhusu nini?"

Kulipokucha pale nje palikuwa na mji. Watu wa machimbo huuita mfumuko, na neno hilo ni sahihi kabisa, maana ulikuwa umefumuka kama unga wa maandazi uliosahauliwa kwenye joto. Kulikuwa na vibanda vya turubai. Kulikuwa na mama wawili wenye majiko na vitumbua. Kulikuwa na kinyozi, ameweka kiti na kipande cha sola, tayari ana foleni. Watu walikuwa wamegawana kilima kwa kamba na vijiti, na kila kikundi kinachimba duara lake, yaani shimo lake. Mbele ya kila jiwe nililokuwa nimelivunja kulikuwa na kikundi. Na kikundi kikubwa kuliko vyote, watu ishirini hivi wenye nguvu, kilikuwa chini kabisa, kwenye kichaka kile; bila shaka kuna mtu mwingine aliyeniona nikiingia.

Mwenyekiti wa kijiji alikuja na daftari na wanamgambo wawili. Alikuwa mtu mwenye busara na aliyechoka. Akasema ni heri mimi mwenyewe niwaeleze watu, kwa kuwa yeye amewaeleza na wamemwambia asiwafiche.

Nikapanda juu ya jiwe. Nimesimama mbele ya madarasa mengi maishani, lakini sijawahi kupata darasa kama lile. Watu zaidi ya mia walikaa chini, wamenyamaza, hakuna aliyesinzia, hakuna aliyechungulia simu. Nikawaambia ukweli wote. Kwamba zamani, kabla hakujawa na mti wala mnyama, hapa palikuwa bahari. Kwamba maji ya bahari hiyo yalikuwa na chuma kilichoyeyuka, kama chumvi ilivyo kwenye mchuzi. Kwamba chuma kilitua chini tabaka kwa tabaka, kama chapati zinavyopangwa kwenye hotpoti, na baadaye ardhi ikasukumwa kutoka pande mbili, chapati zikakunjika na kusimama wima, na sehemu laini zikaoshwa na mvua, ndiyo maana kilima kina mgongo mkali.

Mwanamume mmoja akanyoosha mkono. Nilifurahi kwamba alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na dhahabu ilikuja lini?"

Hapo ndipo ningepaswa kusema haikuja. Lakini mwalimu mzuri hajibu asilolijua, na mimi, kwa bahati mbaya, nilijiona mwalimu mzuri siku ile. Nikasema katika baadhi ya vilima kama hivi, huko Geita, maji ya moto yalipanda kwenye nyufa za mwamba yakabeba dhahabu, lakini si kila mahali.

Mnong'ono ukapita kama upepo kwenye mtama.

"Hapa hayo maji yalipita wapi?"

"Sijui kama yalipita."

"Kule kichakani, je?"

"Kule hapana. Nina uhakika."

"Mbona ulikaa kule muda mrefu?"

Watu mia moja walinitazama. Mwenyekiti naye alinitazama, kalamu ikiwa tayari. Mke wa mjomba, aliyekuwa amesimama pembeni, akavuta khanga akaziba mdomo, mabega yakaanza kutikisika.

"Nilikuwa nachunguza udongo," nikasema.

Mwenyekiti akaandika. Wale ishirini wakainuka wote kwa pamoja, wakarudi kwenye shimo lao kwa mwendo wa haraka.

Mjomba alikata tamaa, akaingia ndani akalala mchana, jambo ambalo mkewe alisema hajalifanya tangu siku redio ilipotangaza bei ya pamba. Mkewe hakulala. Alikwenda hadi shimo la kichakani, akazungumza na kiongozi wao kwa ile sauti yake ya chini.

"Wanangu, chimbeni tu. Lakini udongo msiutupe kila upande. Urundikeni huku chini, mwinuko mmoja, muushindilie kwa miguu. Mkikosa, mniachie kitu cha maana."

"Hatukosi, mama," wakamwambia. Lakini walifanya alivyosema. Ni vigumu kumkatalia mtu ambaye hapandishi sauti.

Siku ya pili aliwasili mama mmoja kutoka machimbo ya Mwakitolyo, mwoshaji wa mchanga, ambaye wote walimjua na kumheshimu. Hakusalimiana na watu wengi. Akaomba jiwe kutoka kila duara, akayatwanga kwenye kinu cha chuma, akaosha unga wake kwenye karai, akilizungusha na kulizungusha huku watu wamemzunguka safu tatu. Chini ya karai kikabaki kimstari cha mchanga mweusi. Akakichezea kwa kidole gumba. Akafuta mkono kwenye gauni.

"Hapa kuna chuma cha majembe," akasema. "Pete hakuna."

Baadhi walisema amepewa kitu na mimi ili awafukuze. Mmoja alidai mfuko wangu ukaguliwe, na ukakaguliwa mbele ya mwenyekiti, ukakutwa na mawe kumi na saba ambayo nilikuwa nimeyabandika karatasi zenye maandishi kama "kwa Kidato cha Tatu". Nadhani karatasi hizo ndizo zilizowavunja moyo kuliko karai. Mtu mwenye dhahabu hawezi kuwaandikia Kidato cha Tatu.

Siku ya tatu ikaja habari kwamba upande wa Bukombe kuna mtu mwingine ameonekana akigonga mawe. Kabla ya saa sita mji wote ulikuwa umeondoka. Kinyozi alikuwa wa mwisho, kwa sababu alikuwa katikati ya kichwa cha mtu, na mwenye kichwa alitaka kwenda nusunusu.

Mimi nami sikubaki. Nilimwomba mjomba msamaha, akasema si kitu, mlima bado upo, ila nikija tena nije na unga badala ya mfuko mtupu. Nikaendelea hadi Geita kama nilivyopanga, nyundo nikiwa nimeificha ndani ya sweta. Huko nilisimama kwenye kilima kimoja nikatazama mbali, nikaona jinsi mlima mmoja ulivyogeuzwa shimo lenye ngazi, na mawe ya shimo hilo yalivyogeuzwa mlima mwingine mpya, wenye kilele bapa, ambao miaka michache iliyopita haukuwepo. Kati ya hivyo viwili kulikuwa na mihogo na migomba, na mwanamke analima kwa jembe la mkono bila kuangalia upande wowote. Sikugonga kitu. Niliandika kidogo, nikanywa soda, nikapanda basi la kurudi.

Shuleni nilifuta barafu. Sikuifuta kabisa, maana mtihani unaitaka, lakini niliipunguzia siku. Tulikwenda na darasa zima hadi kwenye mawe ya uwanjani, tukayazunguka, tukaingiza mikono kwenye nyufa zake, tukafuatilia mchanga wake kwa miguu mpaka ulipoingia mbugani na viatu vikaanza kubaki nyuma. Msichana aliyeuliza lile swali alikuwa ameshahitimu. Sijui kama alipata jibu kwingine.

Kwa mjomba nilirudi mwaka uliofuata, mwezi wa tano, nikiwa na unga. Nilitegemea kukuta makovu. Yale maduara ya juu yalikuwa yameanza kujifukia yenyewe. Mvua ilikuwa imebomoa kingo zake, na kwenye moja mti wa mgunga ulikuwa umeota kufika gotini. Chini, mahali palipokuwa na kichaka, nilikuta maji. Lambo zima, pana kama uwanja wa netiboli, limezuiwa na ule mwinuko wa udongo walioushindilia kwa miguu. Udongo wa mbuga haupitishi maji, hilo nilikuwa nikilifundisha kila mwaka. Ng'ombe wa mjomba na wa majirani watatu walikuwa wamesimama ndani hadi magotini. Kulikuwa na ndege weupe. Upande mmoja wa kingo maji yaliyofurika yalikuwa yamekata mfereji mdogo, na mdomoni mwa mfereji mchanga ulikuwa umetandazwa kwa umbo la pembetatu, sawa kabisa na mchoro wa delta uliomo kitabuni, ila huu niliweza kuuruka kwa hatua moja.

Nilichuchumaa kuutazama. Mke wa mjomba akasimama karibu nami na ndoo.

"Watu wanauliza jina la lambo," akasema. "Mjomba wako anataka liitwe la Mwalimu. Mimi nimekataa mpaka nikuulize wewe."

"Kwa nini ukatae?"

"Kwa sababu wajukuu watataka kujua mwalimu alifanya nini hapa."

Nikamwambia waandike nilichunguza udongo. Akacheka safari hii bila khanga, akachota maji, na tukapanda nyumbani polepole, kwa kuwa yeye hakimbii.